Parameta za draivu hazishiki, hazisomeki au hazitii: tuanzie kwenye dalili

Draivu ya mota, kifaa kinachodhibiti kasi yake, ikianza vituko, wengi wetu hukimbilia orodha ya parameta, yaani namba za mipangilio yake, na kubadilisha namba moja baada ya nyingine mpaka kitu kitokee. Hapo ndipo tatizo la dakika kumi linapogeuka la siku mbili, na mara nyingi mwisho wake draivu inang'olewa ukutani na kuandikiwa kwamba imekufa. Draivu nyingi zinazong'olewa hivyo hazina ubaya wowote. Kilichokosekana ni kujua namba fulani imekaa wapi, nani aliiandika, na nani anaweza kuiandika tena bila wewe kuwa na habari.

Parameta moja inaweza kuwa na nyumba nne kwa wakati mmoja. Iko kwenye kumbukumbu ya kazi, ile ambayo draivu inaitumia sasa hivi na ambayo hufutika umeme ukizimika. Iko kwenye kumbukumbu ya kudumu, EEPROM, ambayo hubaki. Inaweza kuwa na nakala ndani ya paneli ya kubonyeza, ile inayochomolewa usoni mwa draivu. Na inaweza kuwa imeandikwa ndani ya programu ya PLC (kompyuta inayoendesha mtambo), ambayo huituma kwenye draivu kila mtambo unapowashwa. Nyumba hizi nne zikitofautiana, draivu haitakwambia. Utaona tu kwamba "haishiki".

Mifano yangu mingi hapa ni ya ABB ACS550, kwa sababu bado iko kazini kwenye pampu, feni na mashine nyingi, na mpangilio wa namba zake unafundisha vizuri. Kila parameta ina tarakimu nne: mbili za kwanza ni kundi, mbili za mwisho ni nafasi ndani ya kundi. 2202 ni kundi la 22, nafasi ya 02, yaani muda wa mota kupanda kutoka kusimama hadi kasi kamili. Nitagusa pia Siemens Micromaster 420 na 440, ambazo zina tabia tofauti kidogo na zinawasumbua sana wanaozoea chapa moja.

Kabla ya kugusa namba yoyote

Soma kwanza, andika baadaye. Paneli kubwa ya ACS550 ina menyu inayoorodhesha parameta zote zilizobadilishwa kutoka thamani ya kiwandani. Ifungue, upige picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Kazi hii huchukua muda mfupi na ndiyo itakayokuokoa ukikwama. Kisha pakia nakala kamili kwenye paneli yenyewe kupitia menyu ya kuhifadhi. Usifanye kinyume, yaani kushusha kutoka paneli kwenda draivu, kabla hujajua nakala iliyomo ni ya mashine ipi.

Kama draivu ilitoka Ulaya ikiwa imetumika na maandishi yake ni ya Kijerumani au Kiitaliano, usihangaike kukisia. Namba za parameta ni zilezile katika lugha zote. Nenda 9901, weka 0, utapata Kiingereza.

Na kama itabidi ufungue kifuniko, zima umeme, subiri angalau dakika 5, kisha pima. Draivu ya volti 400 hubeba takribani volti 540 hadi 565 za mkondo mnyoofu ndani ya kapasita zake, na kioo kuzimika si ushahidi kwamba zimeisha.

Dalili: umeme ukikatika na kurudi, namba inarudi ilivyokuwa

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Jana umeweka kila kitu, mashine ikafanya kazi vizuri, usiku umeme ukakatika, asubuhi mwendeshaji anakupigia kwamba pampu inaruka ghafla kama zamani.

Swali la kwanza la kujiuliza ni: imerudi kwenye thamani gani? Wengi hawaliulizi, ilhali jibu lake pekee linakata njia katikati. Ikirudi kwenye thamani ya jana kabla hujabadilisha, basi ulichoandika hakikuhifadhiwa. Ikirudi kwenye thamani ya kiwandani, kuna mtu au kitu kilichorejesha mipangilio ya awali. Ikirudi kwenye namba ya tatu ambayo si ya jana wala ya kiwandani, tafuta PLC.

Ili kulithibitisha, tumia namba ambayo hakuna mtu mwingine angeichagua. Weka 2202 iwe sekunde 12.3. Thamani ya kiwandani ni 5.0, na fundi wa kawaida huweka 10 au 15 au 20, hivyo ukikutana na 12.3 baadaye unajua ni yako na si ya mwingine. Chomoa waya wa mawasiliano ya PLC. Zima umeme wa draivu, subiri hadi kioo kife kabisa, kisha washa. Kioo kikiwa bado kinang'aa hujazima chochote: saketi ya ndani bado inakula chaji ya kapasita, na jaribio lako halina maana.

12.3 ikibaki, kumbukumbu ni nzima. Rudisha waya wa PLC, zima na uwashe tena mtambo mzima. Ikipotea sasa, umempata mhusika: programu ya PLC inaandika parameta hiyo kila inapoanza. Draivu haina kosa, na hata ukiibadilisha kwa mpya leo, kesho itafanya vilevile. Mtafute aliyeandika programu, au angalia kwenye PLC maagizo ya kuandika rejista yanayotokea kwenye mzunguko wa kwanza.

12.3 isipobaki hata PLC ikiwa imechomolewa, angalia 1602. Hii ni kufuli ya parameta na ina hali tatu: 0 imefungwa, 1 imefunguliwa, 2 imefunguliwa lakini haihifadhi. Ikiwa 2, unachoandika kwa paneli kinafanya kazi vizuri kabisa mpaka umeme uzimike, kisha kinayeyuka. Aliyeiweka 2 huenda alikuwa akijaribu mambo na akasahau. Irudishe 1, na kuanzia hapo kila utakachobadilisha kwa paneli kitahifadhiwa papo hapo.

Lakini kama ulibadilisha kwa kompyuta au PLC kupitia Modbus, lugha ya mawasiliano kati ya vifaa, hata 1602 ikiwa 1 haitoshi. ACS550 haihifadhi yenyewe namba zilizoandikwa kupitia laini ya mawasiliano. Ni lazima uandike 1 kwenye 1607. Draivu itahifadhi kila kilichobadilika, kisha 1607 itarudi yenyewe kuwa 0 kuonyesha kwamba imemaliza. Ukizima umeme kabla haijarudi 0, usishangae matokeo.

Micromaster inatenda kwa namna hiyohiyo ila kwa majina mengine. Ukiandika kwa paneli yake ndogo, thamani huhifadhiwa moja kwa moja. Ukiandika kupitia laini, P0014 ndiyo inayoamua: 0 maana yake kumbukumbu ya muda, 1 kumbukumbu ya kudumu, na kiwandani iko 0. Ukishamaliza kuandika, weka P0971 iwe 1 ili kila kilichomo kwenye kumbukumbu ya muda kihamishiwe kwenye ya kudumu.

Hapa huwa napata swali moja kila mara: kwa nini watengenezaji hawakuifanya ihifadhi tu muda wote? Kwa sababu EEPROM huchakaa kwa kuandikwa. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni mara 100,000 kwa kila sehemu. Inaonekana nyingi, lakini piga hesabu: programu ya PLC inayohifadhi mara moja kila sekunde itafikisha 100,000 ndani ya takribani saa 28. Hata siku mbili hazifiki. Na kosa hili ni rahisi kulifanya: mtu anaweka agizo la kuandika 1607 ndani ya mzunguko wa kawaida wa programu badala ya kuliweka nyuma ya sharti la kutekelezwa mara moja, au anaweka P0014 iwe 1 halafu anabadilisha muda wa kupanda kasi kila mzigo unapobadilika. Kumbukumbu inakufa, na hakuna atakayejua ni nini kiliiua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Kitu kinachobadilika kila mara, kama kasi inayotakiwa, kipitie kwenye neno la kasi la mawasiliano, si kwenye parameta. Kitu kinachobadilika kwa nadra kiandikwe, kihifadhiwe mara moja, basi.

Bado kuna ile hali ya kurudi kwenye thamani ya kiwandani. Kwenye ACS550 mhusika wa kwanza ni 9902, inayochagua mpangilio wa matumizi: wa kawaida, wa waya tatu, wa PID (draivu kujirekebisha kasi kwa kufuata kipimo kama presha), wa pampu na kadhalika. Ukibadilisha 9902, draivu inarudisha karibu kila kitu kwenye thamani za mpangilio huo mpya. Vinavyosalimika ni vichache: kundi la 99 lenye data ya mota, kufuli 1602, na mipangilio ya mawasiliano. Mtu akichagua PID "kuona ikoje" halafu akarudi kwenye ule wa kawaida, amefuta kazi ya siku nzima bila kuona onyo lolote. Nyingine ni ndogo lakini hutokea: ukiwa ndani ya kuhariri thamani kwenye paneli kubwa, kubonyeza mshale wa juu na wa chini kwa pamoja kunaleta thamani ya kiwandani. Ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi bila kuangalia, imekwenda.

Dalili: parameta inakataa kubadilika

Kwanza hakikisha mota imesimama. Parameta nyingi hazibadiliki mota ikizunguka, na kijitabu huziwekea alama. Data ya mota, chanzo cha amri na mpangilio wa matumizi zote ziko kundi hilo.

Pili, kufuli. 1602 ikiwa 0, paneli inakataa kubadilisha. Kuifungua, andika 358 kwenye 1603, kisha 1602 itakubali kuwekwa 1. Namba hiyo imechapishwa kwenye kijitabu cha draivu, kwa hiyo kufuli hii inazuia bahati mbaya tu, haizuii mtu aliyedhamiria. Kama una mtambo ambao hutaki uguswe, funga mlango wa kabati kwa ufunguo.

Tatu, huenda unajaribu kuandika kitu cha kusoma tu. Kundi la 01 ni vipimo vya sasa na kundi la 04 ni historia ya hitilafu. Hakuna cha kubadilisha huko.

Micromaster ina mtego wake wenyewe na umewakamata mafundi wengi. Kwanza, P0003 huamua parameta zipi unaziona: ikiwa 1 unaona chache tu, na fundi anayetafuta P0971 anaapa kwamba draivu yake haina. Iweke 3. Kisha data ya mota, P0304 kwa volti, P0305 kwa ampea, P0307 kwa nguvu, P0310 kwa masafa, P0311 kwa mzunguko, hazikubali kuguswa mpaka P0010 iwe 1. Ukiweka P0010 kuwa 1, zinafunguka. Ukimaliza, ukasahau kuirudisha 0, draivu haiwaki. Hakuna hitilafu, hakuna kengele, inakaa kimya tu na mtu anaanza kupima waya za kuwashia. Ukimalizia kwa P3900, ya kufunga kazi ya kuingiza data ya mota, P0010 inarudi 0 yenyewe. Ukiondoka njiani, ni juu yako. Draivu ya Micromaster isiyowaka baada ya mtu kuigusa, cha kwanza soma P0010.

Kwa wanaoandika kupitia laini, jibu la draivu lenyewe linakuambia kosa ukilisoma. Kwenye Modbus, kosa 01 ni kwamba umetumia aina ya agizo ambalo draivu hailijui, 02 rejista hiyo haipo, 03 thamani uliyotuma haikubaliki. Kwa rejista za parameta za ACS550, maagizo utakayotumia zaidi ni matatu: 03 kusoma, 06 kuandika rejista moja, 16 kuandika kadhaa. Micromaster kwenye laini ya USS au PROFIBUS, aina nyingine mbili za mawasiliano, hujibu kwa namba yake: 1 ni ya kusoma tu, 2 thamani imevuka mpaka, 11 huna haki ya kuandika, 17 hali ya draivu hairuhusu kwa sasa, kwa mfano mota inazunguka. Ukipata 11, angalia P0927, ambayo huamua ni njia zipi zinaruhusiwa kubadilisha parameta. Programu nyingi za PLC hulitupa jibu hili na kuonyesha taa nyekundu tu. Lihifadhi kwenye neno unaloweza kulisoma, litakupunguzia safari.

Dalili: namba inasomeka, lakini si yenyewe

Unasoma masafa ya mota, kompyuta inakuonyesha 437. Mota haizunguki kwa 437 Hz. Hapa hakuna ubovu, kuna nukta iliyopotea. Modbus husafirisha namba kamili bila nukta, na kila parameta ina kipimo chake. Kwenye ACS550, masafa ya kutoka, 0103, yako kwa sehemu za kumi: 437 ni 43.7 Hz. Ampea, 0104, vilevile. Volti za ndani, 0107, ziko kwa volti kamili. Muda wa kupanda kasi, 2202, uko kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo ukitaka sekunde 12.3 tuma 123. Ukituma 12 umeweka sekunde 1.2, na mkanda wa mashine utakueleza haraka.

Ukiona 65486 mahali ulipotegemea namba ndogo, hiyo ni hasi. Rejista ina biti 16. Toa 65536, utapata -50, yaani -5.0 kwa kipimo cha sehemu za kumi. Badilisha aina ya data kwenye PLC iwe yenye alama ya kutoa na kujumlisha.

Tatizo kubwa zaidi ni kuteleza kwa rejista moja. ACS550 imepangwa kwa unyoofu wa kupendeza: parameta 1202 ni rejista 41202. Lakini kwenye waya wenyewe Modbus huanza kuhesabu na 0, hivyo anwani inayosafiri ni 1201. Programu nyingine hutoa hiyo moja kwa niaba yako, nyingine zinakuachia. Ukiikosea, unasoma jirani, na jirani naye ana namba inayoaminika.

Jaribio langu ninalolipenda linatumia kundi la 99. Data ya mota imekaa kwa mfululizo: 9906 ampea, 9907 masafa, 9908 mizunguko kwa dakika. Soma 9907. Kama mota ni ya 50 Hz, lazima upate 500. Ukipata 1450 au namba nyingine inayofanana na mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati cha mota, umesogea mbele kwa moja. Ukipata ampea za kibati zikiwa zimezidishwa kwa kumi, umerudi nyuma kwa moja. Namba hizi tatu hazibadiliki mota ikizunguka au ikisimama, kwa hiyo hazikupi nafasi ya kujidanganya. Fanya jaribio hili kabla ya kuandika rejista yoyote, kwa sababu kuandika kwenye jirani ni hatari kuliko kumsoma.

Dalili: hakuna jibu kabisa

Usianze na waya. Anza na 9802: ikiwa 0, Modbus ya ndani haijawashwa, na hata waya wa dhahabu hautasaidia. Iweke 1. Kisha 5302 ni namba ya kituo, 5303 kasi ya mawasiliano, 5304 usawa wa biti (parity). Kiwandani ni kituo 1, kasi ya kilobiti 9.6 kwa sekunde, biti 8 bila usawa na biti moja ya kusimama. PLC nyingi huja na usawa wa shufwa kwa kawaida yake, na hapo ndipo mambo hukwama.

Sasa kitu kinachowachosha watu: ukibadilisha kundi la 53, mabadiliko hayaanzi kufanya kazi hapohapo. Yanaanza draivu ikizimwa na kuwashwa, au ukiweka 5302 kuwa 0 kisha ukairudisha namba yake. Fundi anabadilisha kasi, anajaribu, hakuna jibu, anadhani si hiyo, anarudisha ya zamani, anajaribu nyingine. Anaweza kupita kwenye mpangilio sahihi na asijue.

Baada ya hapo tazama wahesabuji watatu. 5306 huhesabu ujumbe sahihi uliofika kwa draivu hii, 5307 ujumbe wenye makosa ya ukaguzi, 5308 ujumbe uliovunjika kwenye biti. Wote wakikaa 0 na PLC inatuma, hakuna kinachofika: waya umekatika, au umeingia kwenye kiunganishi kisicho chake. 5308 ikipanda mfululizo, kasi au usawa wa biti haulingani. 5307 ikipanda kwa vipindi, fikiria kelele za umeme, ukosefu wa kizuizi cha mwisho wa laini cha omu 120, au draivu mbili zenye namba moja ya kituo zinazojibu kwa pamoja. 5306 ikipanda vizuri na bado PLC inalalamika, draivu inasikia. Tatizo liko kwenye kile unachouliza au muda unaosubiri jibu.

Kuhusu A na B: watengenezaji hawakukubaliana. Kwenye ACS550, kiunganishi 29 ni B na ndiyo chanya, 30 ni A na ndiyo hasi, 31 ni ardhi ya mawimbi. Vifaa vingine huita kinyume. Ukiwa umejiridhisha na mengine yote na wahesabuji wanaonyesha takataka, badilisha waya hizo mbili. Haziunguzi kitu. Na usiache kuunganisha ile ya 31 kwa kudhani waya mbili zinatosha. Kwenye laini fupi itaonekana kufanya kazi, halafu itaanza kusumbua siku mota kubwa ya jirani ikiwashwa.

Dalili: kila namba iko sawa, mota haitii

Umeweka 2008, kiwango cha juu cha masafa, kuwa 60, na mota inakwama 50. Angalia 1105. 2008 ni dari ya draivu, 1105 ni dari ya amri ya kasi inayotoka nje. Iliyo chini ndiyo inayoshinda.

Umeandika amri ya kuwasha kupitia Modbus na draivu imepokea bila kosa, lakini haizunguki. Angalia 1001: lazima iwe 10 ndipo isikilize amri ya kuwasha kutoka kwenye laini. Angalia 1103: lazima iwe 8 ndipo isikilize kasi kutoka kwenye laini. Ukiweka moja tu, draivu itawaka na kukaa 0, au itapokea kasi na isiwake. Na uangalie kona ya kioo: ikiandikwa LOC, paneli ndiyo bosi na laini yote inapuuzwa.

Kitambuzi cha presha cha 4 hadi 20 mA kinatoa usomaji wa ajabu? 1301 inapaswa kuwa asilimia 20, kwa sababu 4 ni asilimia 20 ya 20. Ikiwa iko sawa na usomaji bado ni mbaya, toka kwenye parameta. Juu ya bodi kuna swichi ndogo, J1, inayochagua kama njia hiyo inapokea volti au mkondo. Hakuna parameta inayoonyesha swichi hiyo imekaa upande gani. Hii ni sehemu mojawapo ambapo unaweza kusoma orodha nzima ya namba na usione kosa, kwa sababu kosa halimo humo.

Kuhusu mota inayopata joto au draivu inayotripu kwa hitilafu 1, ya mkondo kupita kiasi, linganisha kundi la 99 na kibati kwa macho yako mwenyewe, na ufungue kisanduku cha mota uone imefungwa nyota au delta. Kibati chenye 230/400 kina ampea mbili, na fundi aliyenakili ampea za delta kwenye mota iliyofungwa nyota ameipa draivu ruhusa ya kuichoma.

Dalili: draivu mpya imepewa nakala ya ile ya zamani na haifanyi kazi sawa

Paneli ya ACS550 hushusha kwa namna tofauti. Nakala kamili huchukua kila kitu pamoja na data ya mota, na inafaa kwa draivu ileile au pacha wake mwenye mota pacha. Nakala ya matumizi huacha data ya mota nje, na ndiyo ya kutumia ukihamisha mpangilio kwenda draivu ya ukubwa mwingine. Ukishusha nakala kamili kutoka mashine ya kilowati 15 kwenda ya kilowati 4, umeiambia draivu ndogo kwamba mota yake ni kubwa, na ulinzi wa joto wa mota hauna kazi tena. Baada ya nakala yoyote, pitia 9905 hadi 9909 ukiwa umesimama mbele ya kibati, kisha 5302, ili usiwe na vituo viwili vyenye namba moja kwenye laini.

Dalili: F0051 kwenye Micromaster

Hii ndiyo hitilafu ya kumbukumbu ya kudumu yenyewe: draivu imeshindwa kusoma au kuandika kwenye EEPROM. Rejesha mipangilio ya kiwandani, P0010 iwe 30 kisha P0970 iwe 1, na usizime umeme wakati inafanya kazi hiyo. Ingiza parameta zako upya kutoka kwenye picha ulizopiga. Ikikaa, tafuta kilichoichosha: P0014 iko ngapi, PLC inaandika mara ngapi, inatumia agizo lipi. Maagizo 11 hadi 14 kwenye laini ya USS na PROFIBUS huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kudumu, ilhali 2 na 3 hufuata P0014, na mwandishi wa programu anaweza kuwa amechagua 14 kwa sababu tu ilifanya kazi siku ya majaribio. F0051 ikirudi hata baada ya kurejesha, hapo sasa badilisha draivu, na urekebishe programu ya PLC kabla ya kuwasha ile mpya.